Mashine ya Kuhesabu Sarafu na Faida Zake kwa Chama

Katika vyama vyetu vya pwani, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, fedha nyingi bado hufika ofisini zikiwa sarafu. Mama auzaye samaki wa kukaanga huleta akiba yake kama alivyoipokea kwa wateja: hamsini, mia, mia mbili na mia tano. Karani huzihesabu kwa vidole hadi jioni, naye akichoka hukosea. Sarafu za 50 na za 100 zote ni za manjano. Kumi za mia zikichanganyika na za hamsini, hesabu hupungua shilingi 500, wala hakuna aliyeiba. Lakini wanachama hawasemi kuwa karani amechoka; husema amekula fedha yao.

Tabu hii si ngeni Bagamoyo. Enzi za misafara, riale za Maria Theresa na rupia za India zilitumika pamoja. Chini ya Wadachi rupia iligawanywa kwa pesa 64, kisha tangu mwaka 1904 kwa heller 100, ndipo likatokea neno letu "hela". Mwenye rundo la fedha mchanganyiko alilazimika kuzitenganisha kabla ya kujua thamani yake.

Mashine hufanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Sarafu humiminwa katika bakuli lililo juu ya sahani izungukayo. Mzunguko huzisukuma hadi ukingoni, kama matope yarukavyo kutoka gurudumu la baiskeli. Hapo hupita moja moja katika njia nyembamba yenye matundu, la kwanza dogo, linalofuata kubwa zaidi. Kila sarafu huanguka katika tundu linalotosha upana wake, na ianguakapo hukata mwali wa taa au hugusa kidude cha kuhesabia. Mashine za bei kubwa hupima pia madini, zikaitupa nje sarafu ya kigeni au ya bandia. Hata zile ndogo za mezani huhesabu mamia ya sarafu kwa dakika moja.

Faida kubwa kwa chama si kumpunguzia karani kazi tu. Fedha huweza kuhesabiwa mbele ya mwenye kuileta, akaiona jumla na kupewa stakabadhi papo hapo. Mfuko haulali ofisini bila kuhesabiwa, na benki hupelekewa sarafu zilizokwisha kuchambuliwa.

Hata hivyo mashine huhesabu kile kilichomiminwa tu. Haijui kilichobaki mfukoni. Kwa hiyo jumla yake iandikwe mara moja, watu wawili watie sahihi, kisha ilinganishwe na stakabadhi, daftari la fedha na hati ya benki. Chama kisichofanya hivyo kimenunua kasi, hakikununua uaminifu.

Kabla ya kununua, hakikisheni kuwa mashine imerekebishwa kwa sarafu za Tanzania. Ijaribuni kwa sarafu mlizokwisha kuzihesabu kwa mkono, mkizitia na zile za 50 zenye pembe saba. Sarafu za mnadani huja na mchanga, magamba na maji ya chumvi. Zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na zikaushwe, la sivyo zitanata na mashine itashika kutu. Bakuli na njia zisafishwe kila jioni.

Chama kidogo kisikope kwa ajili ya mashine. Fundi seremala aweza kuchonga ubao wenye mifereji, kila mfereji ukitosha sarafu 20 za aina moja. Mfereji usiojaa huonekana kwa jicho. Mizani nzuri nayo husaidia: pimeni sarafu 100 za aina moja, kisha uzito huo utumike kupimia rundo la aina hiyo hiyo, zikiwa safi na kavu. Vifaa hivi vitafaa hata umeme ukikatika.

Chombo chochote mtakachochagua, fedha ihesabiwe siku ile ile, mbele ya mashahidi. Hivyo akiba ya mwanachama itakuwa salama, na karani mwaminifu atalindwa heshima yake.