Mashuhuri Barazani, Mgeni Nyumbani

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kumwona mtu huyu. Na huenda ndiye wewe mwenyewe. Jioni akitoka kazini hashiki njia ya nyumbani moja kwa moja. Hukata kona, akatokea penye baraza wanapokutana washabiki wa timu yake, na kabla hajaketi sauti zimekwisha paa: "Huyo! Mpisheni akae!" Kahawa anayopewa halipi yeye. Akinena watu hunyamaza, na akimaliza hucheka hata wale wa timu ya pili waliokuja kuchokoza.

Wako wanaombeza wakisema ni mtu asiye na kazi. Mimi siungani nao. Fikiri hali ya mfanyakazi wa mjini: mchana kutwa ni jina moja katika orodha ya zamu, na ndani ya basi ni bega moja linalosukumwa na mengine. Hapo barazani, kwa saa mbili tu, yeye ni mtu mwenye jina, na jina lenyewe amelitafuta kwa akili yake. Hakurithi, wala hakuteuliwa na mtu. Si jambo dogo.

Tena mabaraza haya yana asili yake. Yanga iliundwa mwaka 1935, na Simba, iliyokuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ikazaliwa mwaka 1936 kutokana na mfarakano wa ndani ya klabu hiyo ya kwanza. Ndiyo maana wakaitana watani wa jadi: ni ndugu waliogawana nyumba. Kariakoo na Jangwani, mtu aliyehamia Dar es Salaam bila jamaa aliweza kupata katika klabu watu wa kumjulia hali na wa kumzika.

Basi sifa hiyo hupatikanaje? Kwanza kabisa kwa kumbukumbu. Barazani hakuna anayefungua kitabu. Kitabu ni kichwa cha msemaji. Mwenye sifa atakwambia kwamba Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa bila tarehe 1 Juni, 1968, na kwamba deni hilo lililipwa kwa riba tarehe 19 Julai, 1977, Simba ilipopachika mabao 6 kwa bila, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Ole wake atakayesema Kibadeni alifunga manne! Kicheko kitamfuata hadi msimu ujao. Atakusimulia pia mchezo wa mwaka 1974 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza: Simba inaongoza, muda unayoyoma, mara Gibson Sembuli anasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara anafunga la pili. Msimuliaji hodari hakimbilii bao hilo. Huanza na safari, vumbi na jua, akakuacha na kiu muda mrefu kabla ya kukunywesha.

Pili ni ulimi wa utani. Hapa wengi hukosea njia, wakadhani utani ni matusi. Mtani wa kweli hukuchoma mahali unapoweza kucheka. Hagusi maradhi yako, mkeo wala mshahara wako. Tarehe 5 Novemba, 2023, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1, waliopendwa zaidi mabarazani hawakuwa wale waliopiga kelele nyingi. Walikuwa wale waliokuja kwa upole kutoa pole kana kwamba kuna msiba, wakauliza mazishi saa ngapi.

La tatu ni gumu kuliko yote, nalo ni kukubali kushindwa. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila kwa bila ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa 2 kwa bila mbele ya watu wake Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga nayo iliikosa taji la Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya kufungwa 2 kwa 1 nyumbani na kushinda 1 kwa bila huko Algiers. Siku kama hizo ndipo mtu hupimwa. Anayekuja barazani kesho yake uso mkavu, akakaa na kupokea mishale yote, huyo hupendwa na pande zote. Anayejificha wiki nzima, au anayemtukana mwamuzi na wachezaji kuanzia kipa hadi wa akiba, hawezi kuaminiwa tena. Wala kukata tamaa mapema hakufai: mwaka 1979 Simba ilichapwa 4 kwa bila na Mufulira Wanderers hapa nyumbani, ikaenda Zambia ikashinda 5 kwa bila. Waliokwisha kuizika timu yao iliwabidi waifukue.

Lakini, ndugu msomaji, sifa ina gharama yake. Leo umenunuliwa kahawa. Mwezi ujao wewe ndiwe unayetazamiwa kutoa mchango wa kwanza, kununua jezi mpya na kusafiri na timu hadi Mbeya. Akitokea mtu wa kuwekeana fedha juu ya matokeo, mashuhuri huona haya kukataa mbele ya wanaomshangilia. Na fedha hiyo ina mwenyewe: ni ya unga, ni ya ada, ni ya kodi ya chumba.

Namfahamu mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa taji la baraza la mtaani kwetu. Aliwajua kwa majina wachezaji wote wa timu yake tangu alipokuwa kijana, ila siku moja alipoulizwa mwanawe yuko darasa la ngapi alitaja darasa la mwaka uliopita. Kisha akaugua, akalala ndani wiki nne. Baraza zima likaja kumwona, watani nao wakiwamo, wamechanga fedha ya dawa na kilo kumi za mchele. Wakaketi ukumbini wakamsimulia mkewe vituko vya mumewe: jinsi anavyoigiza watangazaji, jinsi alivyowahi kuwachekesha waombolezaji. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi hajapata kunisimulia hata kimoja."

Kutoka kitandani mzee alisikia.

Barazani amerudi, maana ugonjwa wa mpira hauna dawa. Siku hizi, lakini, huondoka kabla ya magharibi, na Jumapili moja nilipopita kwake nilimkuta ukumbini yupo Mwanza, mwaka 1974, watoto wamemzunguka, Sembuli ndiyo kwanza amesawazisha. Mkewe akainua kichwa kutoka katika mchele aliokuwa akiuchagua, akauliza, "Sasa mabeki wa Simba walikuwa wapi wote?"

Mzee akaomba vijiti vya kiberiti vya kupangia timu mkekani.