Baiskeli ya Zamani Kwenye Lami Mpya

Huku kwetu baiskeli si kitu cha matembezi tu. Ni mbebaji wa mizigo. Mkulima wa Mbinga huibebesha mahindi, maharage na kahawa. Mtu wa ziwani huibebesha dagaa na samaki waliokaushwa. Wapo wanaotoka Umatengoni mpaka Mbamba Bay, na wengine huendelea kando ya Ziwa Nyasa kupitia Liuli hadi Lituhi. Hizo ni safari ndefu.

Ukimwuliza msafiri wa baiskeli taabu iko wapi, atakujibu, "Kwenye kupanda mlima." Ukimwuliza anapumzika wapi, atasema, "Kwenye kuteremka." Jibu la kwanza ni kweli. Jibu la pili ndilo linaloumiza watu. Kupanda kunachosha, lakini ukichoka unashuka na kusukuma. Kuteremka hakuchoshi, lakini breki zikikataa, huna pa kushukia.

Leo tujifunze mambo mawili: jinsi breki za baiskeli ya zamani zinavyofanya kazi, na jinsi ya kuiandaa baiskeli hiyo kwa safari ndefu.

BARABARA IMEBADILIKA

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi. Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kwa hiyo anayetoka Mbinga kwenda ziwani anateremka zaidi ya mita 700. Chukua miti 20 mirefu ya mkaratusi, kila mmoja mita 35, uisimamishe mmoja juu ya mwingine. Huo ndio urefu wa mteremko wako. Tena barabara haishuki moja kwa moja. Inapanda, inashuka, inakata kona, kisha inashuka tena.

Mwaka 2018 barabara hii ilikuwa bado ya udongo. Leo ina lami. Hayo ni maendeleo, na sote tumeyafurahia. Lakini tufikiri kidogo. Zamani mawe, mashimo na tope vilimlazimisha mwenye baiskeli aende polepole. Ubaya wa barabara ulikuwa kama breki ya tatu. Lami imeiondoa breki hiyo. Barabara ni mpya, ila baiskeli ni ileile.

BAISKELI HIZI ZILITOKA WAPI?

Wazee wanazikumbuka Raleigh kutoka mji wa Nottingham, Uingereza. Baadaye zilikuja Phoenix kutoka Shanghai, China, na Hero kutoka Ludhiana, India. Zilikuwapo pia Swala, zilizotengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam. Majina ni mengi, lakini umbo ni moja: fremu nzito ya chuma, magurudumu makubwa, na breki zinazovutwa kwa vyuma virefu vyembamba badala ya waya.

Baiskeli hii ni imara. Ikipinda, fundi wa kijijini anaweza kuinyoosha. Lakini kiwanda kilifikiria zaidi mtu anayekwenda kazini kwenye njia ya tambarare. Hakikufikiria gunia la mahindi kwenye mteremko mrefu. Kazi hiyo tumeipa sisi. Basi ni sisi tunaopaswa kuiandaa.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Unapokamata breki, vyuma vinavuta raba nne: mbili mbele na mbili nyuma. Raba hizo zinabana ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Msuguano wa raba na ringi ndio unaopunguza mwendo. Hapo yakumbuke mambo manne.

La kwanza: msuguano huleta moto. Sugua viganja vyako kwa nguvu utaona. Ukibana breki kilomita nyingi bila kuachia, ringi inapata moto. Raba zinalika haraka, na kiraka cha tyubu kinaweza kuachia.

La pili: ringi ya chuma iliyong'arishwa ikilowa inateleza. Wakati wa mvua breki hizi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Usingoje uone hatari ndipo ukamate. Kamata kidogo kidogo mapema, raba zifute maji kwanza.

La tatu: breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma. Unapopunguza mwendo uzito husukumwa mbele, na gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani. Wapo wanaong'oa breki ya mbele wakisema, eti, itawapindua. Hiyo ni kutupa nusu ya usalama wako, tena nusu iliyo kubwa. Dawa si kuing'oa. Dawa ni kukamata breki zote mbili pamoja, pole pole, bila kushtua.

La nne: kandambili si breki. Vijana wengine wana mtindo wa kukanyaga tairi kwa kiatu ili wasimame. Kwenye tambarare, kwa mwendo mdogo, huenda wakafaulu. Mlimani kiatu kitanyakuliwa, na mguu utafuata.

TUFANYE HESABU

Watu wengi hudhani kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama nao huongezeka mara mbili. Sivyo. Huongezeka mara nne.

Tuseme baiskeli yako na mzigo wake, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, inasimama baada ya mita 3 tangu breki zishike. Basi mahali hapo hapo:

Kwa kilomita 20 kwa saa, itahitaji mita 12.
Kwa kilomita 40 kwa saa, itahitaji mita 48.

Mita 48 ni karibu nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Na hiyo ni kama ringi ni kavu. Sasa fikiria kona, na nyuma ya kona kuna ng'ombe, au mtoto, au lori lililoharibika. Mita 48 utazitoa wapi?

Kwa hiyo kanuni ni hii: mwendo upunguzwe juu ya mlima, kabla haujawa mkubwa. Anayengoja katikati ya mteremko amechelewa.

KAGUA KABLA YA SAFARI

Kagua siku moja kabla, si asubuhi ya kuondoka. Ukiona kasoro utapata nafasi ya kwenda kwa fundi.

1. Raba za breki. Zitazame zote nne. Zikiwa zimelika karibu na chuma, badilisha. Chuma kikigusa ringi, breki hakuna. Kisha tazama kikombe cha chuma kinachoshika raba. Upande mmoja umezibwa, mwingine uko wazi. Upande uliozibwa uelekee kule ringi inakokwenda gurudumu linapozunguka. Ukiugeuza, ringi itaivuta raba nje, na itachomoka siku ile unapoihitaji.

2. Vyuma vya breki. Kaza nati zote za maungio. Kamata breki kwa nguvu. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla gurudumu halijashikwa, marekebisho yanahitajika.

3. Spoku. Kwa desturi baiskeli hizi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ni nyingi kwa sababu ndiko kwenye mzigo. Gusa kila moja kwa kidole kama unavyogusa uzi wa zeze. Inayolia vizuri imekaza. Iliyo kimya imelegea. Iliyokatika ibadilishwe, maana uzito wake umehamia kwa jirani zake, nao watakatika.

4. Matairi. Hapa kusoma kwako kuna faida. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba. Tairi la baiskeli nyingi za aina hii lina namba 28 x 1½, na mengine yameandikwa pia 40-635. Hiyo 635 ni kipimo cha ringi kwa milimita. Yapo matairi mengine yameandikwa 28 lakini hayaingii kwenye ringi yako, kwa sababu yana namba 622. Basi usimwachie mwenye duka achague. Soma mwenyewe kabla hujalipa.

5. Mikono ya pedeli. Ishike uitikise. Ikicheza, kota pini imelegea au imelika. Igongwe na kukazwa, au ibadilishwe.

6. Mnyororo. Ubonyeze katikati kwa kidole. Ucheze kama sentimita moja juu na chini. Ukilegea sana utaruka. Ukikaza sana utalika upesi, pamoja na meno ya gia.

7. Gololi. Zungusha gurudumu likiwa juu. Likikwaruza kama kinu, gololi zimeingia mchanga. Zisafishwe na kutiwa grisi mpya. Wenzetu wa ufukweni wakumbuke jambo hili zaidi. Na mafuta yasiguse ringi wala raba. Breki yenye mafuta ni pambo tu.

MZIGO

Mzigo mzito uwe chini na uwe karibu na kiti. Ukiuweka mwisho kabisa wa keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Usukani utayumba, na breki ya mbele haitashika vizuri. Kama una mizigo miwili, ining'inize pande mbili, sawasawa. Funga kwa mipira ya tyubu, halafu tikisa baiskeli yote. Mzigo ukicheza ukiwa umesimama, utacheza zaidi ukiwa kwenye kona. Mwisho wa mpira usining'inie karibu na spoku.

NJIANI

Anza alfajiri kukipambazuka. Beba maji na chakula cha kutosha. Kula kabla hujasikia njaa kali.

Kwenye kupanda, usione haya kusukuma. Baiskeli hii ina gia moja tu. Hesabu meno yake. Mbele yakiwa 48 na nyuma 20, gawanya, unapata 2.4. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 hivi. Kwa hiyo kila ukizungusha pedeli mara moja, unajisukuma zaidi ya mita 5 pamoja na mzigo wako. Kwenye mlima hiyo ni kazi kubwa kwa magoti. Anayesafiri milimani mara kwa mara amwombe fundi gia ya nyuma yenye meno 22. Mwendo utapungua kidogo, na miguu itapumzika.

Kwenye kuteremka, fuata utaratibu huu. Kabla ya kila mteremko mrefu simama juu. Jaribu breki zote mbili. Teremka kwa mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya sehemu ya barabara unayoiona. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Mteremko ukiwa mrefu simama njiani, kaa kando kabisa, uache ringi zipoe. Sogeza mgongo wa mkono karibu na ringi bila kuigusa. Ukisikia joto kali, ngoja.

Mzigo ukiwa mzito na mteremko mkali, shuka. Tembea, shika baiskeli na breki zake. Utachelewa labda saa moja. Na saa moja ni nini? Mwenda pole hajikwai.

Kaa kushoto. Malori na mabasi nayo sasa yanakwenda kasi. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, na weka kioo chekundu cha kuakisi mwanga nyuma. Usiteremke usiku. Mvua zetu hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo, mvua ikikukuta mlimani, teremka kwa miguu au ingoje iishe.

Ukifika kando ya ziwa, mlima umekwisha lakini pana mchanga. Usilazimishe. Shuka usukume, maana gurudumu la mbele likizama ghafla litakuangusha.

Mfukoni usikose vitu hivi: pampu, viraka na gundi yake, spana, spoku mbili, raba mbili za breki, na mpira mdogo wa valvu. Ni vitu vya bei ndogo, wala havina uzito.

MWISHO

Ndugu msomaji, jozi ya raba za breki haifiki hata robo ya bei ya gunia la mahindi. Lakini wapo wanaolitunza gunia na kuzisahau raba. Gunia likimwagika huokotwa. Mtu akianguka, nyumba nzima huanguka naye: shamba halilimwi, na watoto wanakosa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda leo kaitazame baiskeli yako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini lami imefanya kuteremka kuwe na hatari zaidi?
2. Baiskeli inasimama baada ya mita 3 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Itahitaji mita ngapi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa?
3. Leteni baiskeli moja ya mwanakikundi. Someni namba za tairi, hesabuni spoku, na kagueni raba za breki. Mmeona kasoro gani?
4. Ni mteremko upi ulio mkali kuliko yote karibu na kijiji chenu? Mfanye nini ili watu washuke hapo salama?