Waya wa Dispensari Usihamishwe!



Mchimbaji hupigwa picha ya mapafu na kupimwa masikio. Zamani majibu yalikaa kwenye fishi ndani ya kabati, na ufunguo ulikuwa kwa muuguzi. Siku hizi yamo ndani ya kompyuta. Kompyuta ile hufungwa kwenye swichi, kisanduku chenye matundu ya waya, pengine 24. Mara nyingi swichi hiyo hiyo inashika pia ofisi ya mishahara, kamera za getini na simu za wageni.

Swichi ikiachwa jinsi ilivyotoka dukani, matundu yote yako kundi moja, VLAN namba 1: nyumba nyingi, kiwanja kimoja, ukuta hakuna. Kompyuta yoyote yaweza kubisha kwenye ile yenye majibu yako, na ugonjwa wa moja wapita kwa nyingine. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia hospitali za Uingereza vikijisambaza vyenyewe kwenye mitandao. Miadi ya wagonjwa iliyofutwa inakadiriwa kuwa zaidi ya 19,000.

Dawa mojawapo ni kujenga kuta ndani ya swichi. Sisi wa dispensari ya Bel-Air hatuzijengi, ni kazi ya fundi, lakini inafaa kuelewa anachofanya. Kwanza anachora kwenye karatasi: matundu 1 hadi 6 ya dispensari, 7 hadi 12 ya ofisi, 13 hadi 16 ya kamera, 17 hadi 20 ya wageni. Kila kundi analipa namba na jina, tuseme VLAN 10, 20, 30 na 40 (namba zinaruhusiwa kutoka 1 hadi 4094). Halafu anakwenda tundu kwa tundu akiandika namba yake. Tundu la 24, linalokwenda kwenye ruta, linapitisha makundi yote. Mafundi huliita tranki. Humo kila furushi la habari hubandikwa alama ya namba yake ili yasichanganyike. Matundu yasiyo na kazi anayafunga.

Lakini angalieni: ruta yenyewe yaweza kuyaunganisha tena makundi hayo. Fundi asipoandika humo nani akatazwe kwenda wapi, kuta zina mlango wazi. Na asisahau kuhifadhi kazi yake. Katika swichi nyingi, mipango isiyohifadhiwa hufutika umeme ukikatika, na hapa Lubumbashi hatungoji mwaka kuliona hilo.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wote. VLAN ya namna hii ni ya kudumu: namba imeandikwa kwenye tundu, si kwenye kompyuta wala kwa mtu. Ukichomoa waya wa mgeni kutoka tundu la 18 ukauchomeka la 3, swichi haiulizi wewe ni nani. Mgeni ameingia dispensari. Vivyo hivyo, anayefagia akirudisha waya wa maabara mahali pasipo pake, majibu hayafiki kwa munganga, na mgonjwa amekaa kwenye benchi akingoja.

Kwa hiyo usiguse waya wa kisanduku, hata ukitafuta nafasi ya kuchaji simu. Mama, mshike mtoto mkono. Taa zile za kijani zinawapendeza sana. Ukiona waya umetoka, mwite muuguzi, usiuchomeke mwenyewe.

Siri ya mgonjwa si hisani ya dispensari. Kanuni ya numeriki ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu, za afya zikiwamo.

Nanyi mafundi, kabla ya kufunga kabati jaribuni: kompyuta ya ofisi iite ile ya dispensari kwa namba yake. Ikijibiwa, kazi haijaisha. Ikinyamaza, bandikeni ile karatasi ya matundu ndani ya mlango wa kabati, na ufunguo mwachieni mtu mmoja anayejulikana.