Chai ya mlo na damu ya mtoto

Mzazi wa Mbagala au Tandale, umempikia mwanao maharage na mchicha, halafu unamshushia na chai ya rangi. Chai hiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga, nayo ndiyo yanayotengeneza damu.

Wakati wa mlo mpe maji. Kamulia ndimu kwenye mboga, au mpe chungwa baada ya kula. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Dagaa na maini nayo yana chuma.

Ukiona viganja vyake vimepauka, anachoka haraka au anakula udongo, usikimbilie dawa ya kuongeza damu dukani. Mpeleke kituo cha afya apimwe: huenda ni malaria au minyoo.