Mashine ya Kukatia Majani: Msinunue kwa Haraka



Mwenye ng'ombe wa gredi anajua taabu ya kukatakata nepia kwa panga jioni. Na ukimpa ng'ombe majani marefu, yeye huchagua yale laini, mashina anayakanyaga. Yakikatwa vipande vya sentimita 2 au 3, anakula hata shina.

Ndiyo sababu vikundi vingi huchanga pesa za mashine. Lakini mara nyingi inanunuliwa kwa sababu ya rangi nzuri. Baada ya miezi michache inalala chini ya mti, na wanachama wanaanza kulaumiana. Kabla ya kutoa pesa zenu, angalieni haya:

1. Itazungushwa na nini? Kwa ng'ombe mmoja au wawili, ile ya mkono inatosha. Haina mafuta wala mota ya kuungua. Kama ni ya umeme, kumbukeni umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, volti 240. Msije mkauziwa mota ya fezi tatu. Kama ni ya petroli, pigeni hesabu ya mafuta ya kila mwezi kwanza.

2. Fremu. Isukume kwa mkono. Ikitikisika dukani, nyumbani itaruka. Angalia pale ilipochomelewa: mshono uwe umeshika kote, si madoa madoa.

3. Visu. Viwe vimefungwa kwa nati, ili vitoke kunolewa. Mashine ikiwa imezimwa, weka karatasi mahali pa kukatia, kisha zungusha gurudumu polepole. Karatasi ikikatwa safi, ni vizuri. Ikikunjwa tu, visu viko mbali na kile kisu kisichozunguka, au ni butu. Hapo mashina yatatafunwa na mota italemewa.

4. Spea. Beringi huwa na namba. Iandike, muulize kama inapatikana mjini kwenu. Angalieni pia mahali pa kutia grisi.

5. Usalama. Hili msilipuuze. Mdomo wa kulishia majani uwe mrefu, mkono usifikie visu. Mkanda na gurudumu viwe na kifuniko. Majani yakikwama, zima kwanza, ngoja gurudumu lisimame kabisa. Leso isining'inie, na watoto wakae mbali. Beringi ikiharibika utanunua nyingine, lakini mkono hauna spea.

Siku ya kununua, bebeni nepia mbichi na mabua makavu ya mahindi. Fundi akate mkiona, ndipo mlipe, na risiti mchukue. Mkifika nyumbani, chagueni mtu mmoja wa kutia grisi na kunoa visu. Mashine ya wote isipokuwa na mwangalizi, hufa mapema.

Rahisi ghali.

Ya kujadiliana kikundini: Tuna ng'ombe wangapi? Mashine itakaa kwa nani? Ikiharibika, nani atalipa?