Kucha Zilizoshika Rangi

Arusi ikipita Ukunda au Msambweni, huko Kwale, mahali inapokaa kwa muda mrefu zaidi ni kwenye kucha. Maua ya hina ya viganjani hufifia kwa wiki mbili hivi. Leso mpya zimeshafuliwa, na wageni wa Likoni na Lungalunga wamesharudi makwao. Kucha bado ni nyekundu. Mwenye kucha hizo akitamani kupaka rangi mpya aliyoinunua, ya waridi au ya kahawia hafifu, huanza kusugua: ndimu, dawa ya meno, jiwe la kusugulia miguu, mwisho asetoni. Doa halitoki, na ukucha unaanza kubanduka tabaka kwa tabaka.

Hapo si kwamba hajasugua vya kutosha. Majani ya mhina yana kemikali iitwayo lawsoni. Unga wake ukikorogwa kwa maji ya ndimu na kuachwa, lawsoni hiyo hutoka, hupenya na kujifunga kwenye keratini, protini ileile iliyojenga nywele na pembe za ng'ombe. Ngozi hujibandua kidogo kidogo kila siku, ndiyo maana ua la kiganjani hufifia. Ukucha haujibandui. Ni kitu kisicho na uhai, kinachosukumwa mbele kutoka shinani kwa kiasi cha milimita 3 kwa mwezi. Hina ya arusi ya Januari humalizika kukatwa kwenye Julai. Kucha za miguu ni za polepole zaidi: mwaka mzima, hata mwaka na nusu.

Kwa wanawake wengi wa Kwale, kujifunga huko ndiko kunakoipa hina hadhi yake. Rangi ya chupa, kyuteksi, hukauka ikawa utando juu ya ukucha. Maji ya udhu hayaupiti, kwa hivyo anayeswali huiondoa kwanza, au huipaka siku ambazo hana swala. Hina haiachi utando. Ukucha wenyewe ndio uliogeuka rangi, na maji huufikia. Kampuni ya INGLOT ya Poland ilileta rangi inayoelezwa kuwa hupitisha maji na hewa, lakini wanazuoni hawajakubaliana juu yake.

Kyuteksi nayo huacha doa, ila la namna nyingine. Rangi zilizokoza, hasa nyekundu, huingia katika tabaka za juu za ukucha, na siku ya kuifuta panaonekana umanjano kama wa karatasi ya zamani. Umanjano huo hauna dhara. Huondoka wenyewe kucha zikipumzishwa kwa wiki chache. Asetoni isiwe ya kila siku, maana hukausha ukucha na nyama iliyouzunguka. Baada ya kuitumia, tone la mafuta ya nazi kwenye kila kidole hurudisha ulaini. Anayetaka kuendelea kupaka rangi nyekundu bila kupata doa apake kwanza kyuteksi isiyo na rangi, ile ya chini, aiache ikauke kabisa, ndipo aweke nyekundu. Wasusi na wapambaji wengi huiruka hatua hii ili kuokoa dakika tano, na mteja huilipia kwa wiki tatu.

Kabla ya kulificha doa, linafaa kusomwa. Doa lililotoka nje hufuata umbo la ngozi iliyozunguka shina la ukucha, kwa sababu rangi ilipopakwa ilikomea hapo. Wiki zikipita, huonekana mstari safi ukipanda nyuma yake. Likikwaruzwa taratibu, aghalabu hupungua. Doa lililotoka ndani ya mwili halifuati mpaka huo, wala halikwaruziki.

Kwale ina madoa yake ya kazi. Manjano ya mchuzi hupauka haraka kwenye jua, kwa kuwa rangi yake huvunjwa na mwanga, kwa hivyo nusu siku ya kuanika nguo hufanya kazi kuliko kipande cha ndimu. Korosho ni jambo zito zaidi. Ganda lake lina mafuta makali yanayochoma ngozi na kuacha vidole vyeusi, ndiyo sababu wanaobangua kwa mkono hujipaka mafuta au majivu kwanza. Vidole vilivyobabuka kwa korosho visipakwe rangi wala kubandikwa kucha za bandia mpaka vipone.

Lipo doa jingine ambalo wengi hawalijui. Krimu za kung'arisha ngozi, mkorogo, hupakwa kwa vidole, na haidrokwinoni iliyomo hugeuza kucha rangi ya machungwa au hudhurungi. Zenye zebaki huziachia kijivu. Mwanamke hufikiri ni kyuteksi mbaya akabadilisha kyuteksi, kumbe chanzo ni kopo la krimu. Kenya ina ushahidi wake wa tangu zamani kuhusu zebaki hiyo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaomwaga protini kwenye mkojo. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi. Kucha za kijivu kwa mtu anayepaka krimu isiyoeleza kilichomo ni sababu tosha ya kuiacha krimu hiyo na kwenda kupima figo.

Ukucha mmoja unaozidi kuwa mnene, wa manjano na wenye kumeguka huenda una ukungu. Kuupaka rangi kila wiki ni kuufunika tu, na dawa yake huchukua miezi kwa sababu ni lazima ukucha mzima umee upya. Mstari mweusi ni habari tofauti. Kwa watu weusi, mistari ya hudhurungi kwenye kucha kadhaa ni kawaida na mara nyingi haina neno. Lakini mstari ulio kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au uliomwaga weusi hadi kwenye ngozi ya pembeni, uonwe na daktari. Bob Marley, ambaye nyimbo zake bado zinapigwa katika vibanda vya ufukwe wa Diani, alikutwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Awali ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Sasa piko, ule mchoro mweusi uitwao pia hina nyeusi. Ufukweni Diani mtalii huchorwa ua jeusi kwa muda mfupi, na bibi arusi wa Msambweni hutaka weusi huohuo kando ya hina yake. Hina halisi haiwezi kuwa nyeusi namna hiyo. Hutoka na rangi ya chungwa, ikakoza kuwa nyekundu ya damu ya mzee kwa siku mbili. Weusi wa saa moja unatokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Ulaya huruhusu PPD katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 pale inapofika kichwani, na haiiruhusu kabisa katika michoro ya ngozi. Baadhi ya michoro iliyopimwa ilikutwa na zaidi ya asilimia 15. Malengelenge huweza kutokea siku kadhaa baadaye, mtalii akiwa ameshafika kwao na mchoraji hana habari. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikumbuka maisha yote, hata katika rangi ya kawaida ya nywele. Mchoraji anayejali wateja wake angewaambia waziwazi tofauti ya hina na piko, na kutowachora watoto piko kamwe.

Hata hina safi si ya mtoto mchanga. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyozoeleka katika sehemu zenye malaria kama pwani, na kwao lawsoni inayopenya ngozi laini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Wanja pia uangaliwe. Jiwe la wanja wa manga mara nyingi huwa na madini ya risasi, na mtoto anayepakwa kwenye nyusi na macho ili kuepushwa kijicho hujifuta kwa mkono, kisha mkono ukaingia mdomoni.

Hayo yakishajulikana, raha ya vipodozi vipya haipungui hata kidogo. Rangi mpya ya mdomo, poda au gundi ya kope ijaribiwe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono na kuachwa siku mbili. Wanja na maskara visiazimwe hata na dada, na maskara itupwe baada ya miezi mitatu. Joto na unyevu wa Kaskazi huyeyusha rangi za mdomo na kuozesha krimu, kwa hivyo mkoba wa vipodozi hauachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani Diani. Na vipodozi vipya si lazima vitoke mbali: Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanawake wanaolima mwani huutumia kutengeneza sabuni ambayo mnunuzi anaweza kumuuliza mtengenezaji mwenyewe kilichomo.

Mjamzito anayekaribia kujifungua ana hesabu yake peke yake. Hospitalini, kama ile ya rufaa ya Msambweni, kipimo cha oksijeni hubanwa kwenye ncha ya kidole na kutuma mwanga kupitia ukucha. Kyuteksi iliyokoza inaweza kupotosha kipimo hicho, na piko, ile hina nyeusi, huweza kukizuia kabisa. Kyuteksi hufutwa kwa dakika moja. Hina haifutiki, na miezi sita haipo, kwa hivyo anapokaa kupakwa mwezi wa nane amwombe mpakaji aache kidole kimoja, tena cha kati, bila kitu.