Kuuza Hadithi na Kuuza Mpelelezi Wake

Katika somo lililopita tulizungumza habari ya hati za mashamba. Leo tutazungumza mali nyingine, isiyo na mipaka wala mawe ya kupandwa pembeni, lakini huuzwa na kununuliwa, na mara nyingine kwa bei ipitayo mashamba yote ya wilaya yetu. Mali hiyo ni hadithi. Na hasa hadithi ya pili, ile ambayo bado haijatungwa.

Nitaanza mbali kidogo, Marekani, kisha tutarudi nyumbani.

Mwaka 2019 ilitoka huko picha ya sinema iitwayo Knives Out. Mtungaji na mwongozaji wake ni Rian Johnson. Ni hadithi ya mauaji. Mzee mmoja tajiri, mwandishi wa vitabu, anakutwa amekufa nyumbani kwake baada ya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na jamaa zake karibu wote wana jambo la kuficha. Anakuja mpelelezi aitwaye Benoit Blanc, anayeigizwa na Daniel Craig, anauliza maswali yake polepole mpaka kweli inajitokeza. Kuitengeneza picha hiyo kuligharimu dola milioni 40 hivi. Majumba ya sinema ya ulimwenguni yakakusanya zaidi ya dola milioni 300.

Basi mwezi wa Machi 2021, kampuni ya Netflix, ambayo huwaonyesha watu picha majumbani mwao kwa njia ya intaneti, ilinunua haki ya picha mbili zitakazofuata. Magazeti ya biashara ya sinema yalitaja bei inayozidi dola milioni 450. Kwa fedha zetu za mwaka ule hizo ni zaidi ya shilingi trilioni moja. Na kumbukeni kwamba siku ya kupatana, picha hizo mbili hazikuwapo. Ya kwanza, Glass Onion, ilitoka 2022; ya pili, Wake Up Dead Man, ikatoka 2025.

Mtu ataniuliza: mbona bei kubwa hivyo kwa kitu ambacho hakijaonekana? Jambo hili lina sababu, tena si wazimu.

Mwenye jumba la sinema hupata fedha mlangoni. Watu wakija wengi, fungu la watengenezaji huongezeka. Wasipokuja, kila mmoja hulia kwa fungu lake. Lakini kampuni ya intaneti haina mlango. Wateja wake hulipa ada ya mwezi, watazame picha moja au mia. Kwa hiyo mtengenezaji hawezi kusema, “Nipeni fungu langu la mlangoni.” Hulipwa mara moja, mwanzoni, na ndani ya malipo hayo hutiwa faida ambayo angeipata baadaye kama picha ingependwa. Ndiyo maana bei huonekana ya ajabu: ni gharama pamoja na mavuno, yamelipwa kabla ya mvua. Na kampuni nayo inahitaji jina ambalo watu wanalijua tayari, ili mteja asifute ada yake mwezi ujao. Picha mpya isiyojulikana haina nguvu hiyo.

Sasa tutazame ni nani aliyelipwa. Kampuni iliyoisambaza picha ya kwanza katika majumba ya sinema iliitwa Lionsgate. Hiyo ilikuwa na haki ya kusambaza picha ile moja tu. Haki ya picha zijazo ilikuwa imebaki mikononi mwa Johnson na mwenziwe wa kazi, Ram Bergman. Kwa hiyo wakati wa kuuza ulipofika, walikuwa na kitu cha kuuza. Kama wakati wa picha ya kwanza wangalitia sahihi karatasi yenye maneno mengine, fedha zile zingalikwenda kwingine, nao wangalisoma habari yake gazetini kama mimi na wewe.

Wakulima wa mananasi watalielewa jambo hili upesi kuliko wanasheria. Ukitoka Lugoba ukafika Msata, ukakata kulia kuelekea Bagamoyo, utapita Kiwangwa, na huko kila mtu anajua kwamba mnanasi hauishi kwa tunda moja. Tunda likikatwa, machipukizi yanabaki ubavuni mwa mmea, na hayo ndiyo yatakayozaa tena au kupandwa shamba jipya. Mchuuzi anayekuja na lori hununua matunda. Hakuna mkulima mwenye akili zake ambaye humwambia, “Ng’oa na mimea, bei ni ileile.” Lakini katika biashara ya hadithi mambo hayo hufanyika mchana kweupe, kwa sababu machipukizi yake hayaonekani kwa macho.

Na hadithi za upelelezi huchipua kuliko nyingine zote. Hadithi ya mapenzi ikiisha kwa harusi, imekwisha. Lakini katika hadithi ya mauaji, muuaji hukamatwa, walioonewa huachiliwa, na mpelelezi huvaa kofia yake akaenda zake mzima. Anaweza kuitwa kesho katika nyumba nyingine. Katika Glass Onion watu wote wa hadithi ya kwanza wameondoka. Aliyebaki ni Blanc peke yake. Basi Netflix hawakununua nyumba ile wala jamaa wale wenye tamaa. Walinunua mtu mmoja wa kubuni, pamoja na kalamu ya aliyembuni.

Sisi Waswahili hatukungoja Wamarekani watufundishe hilo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la kutunga hadithi la miaka ya 1957 na 1958 lililoandaliwa na Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, na mwaka 1960 hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikapigwa chapa. Humo tulimwona kwanza Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Ilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine, hata ikaja Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Msomaji hakuuliza kitabu kipya kinahusu nini. Aliuliza kama Bwana Msa yumo. Baadaye watu walimtafuta Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa kwa namna ileile. Mimi mwenyewe namweka Bwana Msa mbele ya hao wote, na pengine mbele ya huyo Blanc, ingawa najua wapo watakaobisha.

Abdulla alifariki 1991. Mkataba wa kimataifa wa Berne, ambao Tanzania iliuingia mwaka 1994, unataka kazi ya mtunzi ilindwe muda wa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kufa. Hesabuni wenyewe: mpaka mwisho wa 2041. Mtu akitaka leo kutengeneza picha ya Bwana Msa, hawezi kumchukua tu kama kuku aliyepotea njiani. Lazima amtafute mwenye haki.

Hapa niseme jambo moja linalochanganya wengi. Wazo halina mwenyewe. Mzee tajiri kuuawa, jamaa kugombea urithi, mtu mwerevu kuja kuuliza maswali: hayo ni ya wote, na wewe unaweza kuyaandika kesho bila kumwomba mtu. Kinacholindwa ni namna ulivyoyaandika, maneno yako, mpangilio wako, watu wako wenye sura na tabia zao. Kwa hiyo usiogope kutunga kwa kuwa Wamarekani wametunga. Ogopa kunakili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Kikundi kimoja cha maigizo hapa kwetu kimetengeneza picha ya upelelezi, kwa simu na kamera ya kukodi. Mwenye shamba anakutwa amekufa, na anayeifumbua siri si askari. Ni mama muuza vitumbua wa stendi, ambaye anajua nani alinunua vitumbua vingapi alfajiri ile, na nani, kinyume cha desturi yake, hakununua. Picha ilionyeshwa katika kibanda umiza, watu wakajaa mpaka nje. Siku hizi dada aliyeigiza hawezi kupita sokoni bila kuitwa Mama Vitumbua. Akatokea mfanyabiashara kutoka mjini, akawaletea karatasi na ahadi ya shilingi laki tisa. Vijana wale wana deni la kamera, na mwenye kamera hachoki kupiga simu. Waliniletea karatasi niisome, wakaniruhusu niitaje bila majina.

Mstari mmoja unasema kwamba watengenezaji wanauza “picha hii na kazi zote zitakazotokana nayo, pamoja na majina ya wahusika, kwa muda wote.” Maneno machache tu, tena yamewekwa katikati, baina ya urefu wa picha na namba ya akaunti ya benki. Wakitia sahihi, Mama Vitumbua si wao tena. Wakitaka kutengeneza ya pili, wataomba ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi kula kitumbua cha stendi ile. Naye anaweza kumpa mwigizaji mwingine kazi hiyo.

Simlaumu mfanyabiashara. Anataka kununua kingi kwa kichache, na huo ndio uchuuzi. Kuuza picha moja kwa moja ilikuwa desturi pia Kariakoo wakati wa biashara ya kanda na diski: msambazaji alilipa kwa mkupuo, akachukua nakala kuu na haki zake, na mtengenezaji akaondoka na nauli na fedha za kuanzia nyingine. (Wakati ule picha moja ilikatwa vipande viwili ikaitwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Hiyo si hadithi ya pili tunayoizungumza. Ni nanasi moja lililokatwa kwa kisu.) Wala simwambii mwenye deni asiuze. Mtu mwenye njaa haambiwi angoje bei ya mwakani.

Lakini kuuza kuna namna. Mwingereza Arthur Conan Doyle, mtungaji wa Sherlock Holmes, mwaka 1886 aliuza haki yote ya hadithi yake ya kwanza ya Holmes kwa pauni 25. Aliomba apewe sehemu ya mauzo, akakataliwa. Kwa hadithi ile hakupata senti nyingine maisha yake yote. Ilikuwa hasara, ndiyo. Ila alichouza ni hadithi ile; Holmes mwenyewe alibaki naye, na kwa hadithi zilizofuata alitajirika. Mwenzake Agatha Christie alikuwa na taabu ya namna nyingine: mkataba wa kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1920, ulimfunga kumpa mchapaji yuleyule vitabu vitano vingine kwa masharti hafifu. Alivitoa vyote mpaka kifungo kikaisha, ndipo akahamia kwingine. Yeye hakumpoteza mpelelezi wake, alipoteza miaka.

Kwa hiyo vijana nimewaambia hivi. Uzeni picha hii moja, kwa muda uliotajwa kwa miaka, na mlipe deni. Maneno “kazi zote zitakazotokana nayo” na “majina ya wahusika” yafutwe kwa kalamu, na pande zote mbili zitie sahihi pembeni mwa ufutaji. Mnunuzi akisema hawezi kukubali, mpeni haki ya kuulizwa kwanza: mkitengeneza ya pili, mtampelekea yeye kabla ya wengine, naye atakuwa na siku 60 za kujibu. Baada ya hapo mko huru. Akitaka haki ya pili kabisa, na aitajie bei yake peke yake, isichanganywe na laki tisa. Mtu anayesema machipukizi hayana thamani, muulizeni kwa nini basi anayataka.

Kabla ya sahihi yoyote, kazi iandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na mtunzi ana haki yake tangu anapotunga, lakini cheti husaidia sana siku ya ubishi. Na ninyi kwa ninyi andikianeni: nani alitunga, nani alitoa kamera, nani aliigiza, na kila mmoja ana fungu gani. Nimeona vikundi vilivyojilinda na mnunuzi wa mbali vikavunjika kwa ugomvi wa ndani.

Vikundi vya wasikilizaji, msitawanyike bado. Msomaji mmoja na ausome tena kwa sauti ule mstari wa mkataba, kisha mzungumze: kama mngekuwa ninyi, na mwenye kamera yuko mlangoni, mngekubali kipi na kukataa kipi? Je, dada aliyeigiza ana haki gani katika jina ambalo watu wamempa sokoni? Na kama kijijini kwenu yuko mzee mwenye hadithi ambazo vijana wanazirekodi kwa simu, nani amemuuliza? Majibu yaandikwe, yaachwe kwa mwalimu wa darasa lenu kabla ya Ijumaa. Somo lijalo litahusu vyama vya kuweka na kukopa. Njooni na vitabu vyenu vya hesabu.